Kete 64 na Mawe 21: Siku Sita Kwenye Njia ya Kocha Wetu

Siku ya kwanza: Columbus hadi Pittsburgh

Tumetoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi. Dereva ni mdogo wangu. Mimi nimekaa mbele na chupa ya chai ya tangawizi miguuni, na nyuma yuko mwanangu wa miaka minane, amekumbatia glavu yake kama vile kuna mtu anataka kumnyang'anya. Mapajani mwangu nimepakata mfuko mdogo wa kitambaa cha kahawia uliofungwa kwa uzi. Ndani yake mna kete 64 za bao na vijiwe 21.

Mfuko ni wa Baba. Ulibaki kabatini kwangu yeye na Mama waliporudi Tanga kupumzika. Safari hii nimeutoa kwa sababu nimekubali kazi aliyoifanya yeye kwa misimu tisa hapa Ohio. Msimu ujao nitafundisha timu ya besiboli ya watoto wa mtaani kwetu, na mwanangu atakuwa mmoja wao.

Tulipokuwa wadogo Baba alituahidi kutupeleka sehemu tatu: Pittsburgh alikochezea Roberto Clemente, nyota wa besiboli kutoka Puerto Rico; Williamsport ilikoanzia ligi ya watoto, na Cooperstown ambako wakubwa wa mchezo huu wameandikwa kwenye shaba. Lakini alikuwa akifanya zamu ya usiku ghalani, na likizo zake zilikuwa za kuhesabu. Tulifika sehemu moja tu, Williamsport, mwaka 2012. Deni lililobaki tunalimaliza sisi.

Namna alivyoingia kwenye ukocha naikumbuka vizuri, maana nilikuwa nimeshika mkono wake. Ilikuwa 2005, nina miaka tisa, tumekwenda kujiandikisha. Watoto walikuwa wengi kuliko makocha, na mama mmoja mwenye karatasi mkononi akauliza ni mzazi gani anaweza kujitolea, la sivyo watoto kumi na wawili watarudishwa nyumbani. Kimya kikatanda. Baba akanyoosha mkono. Hakuwahi kushika gongo la besiboli hata siku moja.

Alichokuwa nacho ni utoto wake wa Tanga. Alianza kwa kuokota mipira pembeni ya uwanja wa kriketi, mpaka siku moja timu ikapungukiwa mtu wakamwita aingie. Alijua kudaka mpira mgumu kwa mikono mitupu bila kuvunja vidole. Na alijua kutungua embe. Mazoezi yetu ya kwanza kabisa ya kurusha yalikuwa hayo: alitundika makopo ya rangi kwenye uzio, akatuambia yale ni maembe, na kwamba mwenye shamba yuko ndani amelala, kwa hiyo tuna jiwe moja moja tu. Watoto wa Ohio ambao hawajawahi kuuona mwembe walikuwa wakirusha kwa adabu na utulivu wa wezi wa maembe.

Wiki ya pili, mzazi mmoja aliuliza kwa sauti, na sisi tukisikia, kwa nini watoto wamepewa mtu ambaye naye anajifunza mchezo. Baba alisikia. Hakujibu. Alikwenda maktaba akaazima kitabu cha sheria, na kila usiku, wenzake walipotoka kwenda kuvuta hewa wakati wa mapumziko, yeye alibaki mezani na kalamu nyekundu. Mama anasema nyumbani alikuwa akinong'ona sheria kama mtoto wa chuo anayehifadhi juzuu. Msimu wa pili waamuzi walikuwa wakimsogelea kumwuliza.

Tumevuka mto Ohio pale Wheeling, tukaingia Pennsylvania. Njia ya kuingilia Pittsburgh inapita ndani ya mlima, kwenye handaki refu lenye taa za manjano, halafu ghafla unatokea juu ya daraja na mji wote umekusimamia mbele: majengo, mito miwili inayokutana, madaraja ya rangi ya dhahabu. Mwanangu alipiga ukelele. Mdogo wangu akasema taratibu, "Baba angeipenda hii."

Tumefika. Mengine kesho.

Siku ya pili: Pittsburgh

Lazima nieleze kwanza habari ya uwanja wa kulia.

Katika besiboli ya watoto, wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mpira wao huelekea zaidi upande wa kushoto wa uwanja au katikati. Upande wa kulia, kule mbali kwenye majani, mtoto anaweza kusimama nusu saa bila kuguswa na mpira. Ndiyo maana makocha huwaficha kule watoto wasiojiamini. Kila mtoto anajua hivyo. Ukitajwa uwanja wa kulia, unajua umepimwa.

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa msichana peke yangu kwenye timu, na Baba akanipanga kulia. Nililia kwenye gari njia nzima. Hakunibembeleza. Jumapili iliyofuata alikuja na kanda ya video ya maktaba, akaniweka kochini. Pale ghalani alikuwa na rafiki, mzee wa Puerto Rico, aliyemsimulia habari za mtu mmoja, na Baba alitaka nimwone kwa macho yangu. Nikamwona Roberto Clemente, nambari 21 mgongoni, akichukua mpira kwenye kona ya mbali kabisa ya uwanja wa kulia, akigeuka, na kuurusha moja kwa moja hadi kituo cha tatu, kimoja cha vile wanavyokimbilia wapigaji. Baba aliirudisha picha ile mara nne au tano. Akasema, "Umeona mahali alipo?" Nikasema nimeona. "Basi usinililie tena."

Leo nimesimama mbele ya sanamu yake. Iko mwanzoni mwa daraja lenye jina lake, nje ya PNC Park, uwanja wa Pirates, timu ya besiboli ya mji huu aliyoichezea, uliofunguliwa 2001. Amechongwa ameshaupiga mpira, gongo linamtoka mkononi, mguu unaanza kukimbia. Tumezunguka nje ya uwanja mpaka upande wa mto. Ukuta wa kulia umejengwa kwa urefu wa futi 21 kwa heshima yake. Mwanangu alikaa kimya akiuangalia, halafu akaniuliza, "Mama, 21 si ndiyo yale mawe ya Babu?"

Ndiyo, mwanangu. Na hapa ndipo penye hadithi ya mfuko.

Mwaka 2007 ligi ya watoto, Little League, ilianza sheria mpya. Mikono ya watoto ilikuwa ikiumizwa kwa kurusha kupita kiasi, kwa hiyo badala ya kuhesabu vipindi vya mchezo, kila kocha alitakiwa ahesabu mirusho, yaani kila mpira ambao mrushaji anamrushia mpigaji. Sisi wa miaka 11 na 12 kikomo chetu kilikuwa 85 kwa siku. Makocha wengine walinunua vihesabio vya kubonyeza. Baba alikwenda chumbani akatoa kete za bao aliloletewa na babu yangu kutoka Tanga. Bao lina kete 64. Akatoka uwanjani, akainama pembeni ya kichuguu cha mrushaji, kile kituta anachosimama akirusha, akaokota vijiwe 21. Jumla 85.

Kila mrusho, kete moja inatoka mfukoni inaingia kwenye kopo. Kete zikiisha, yanaanza mawe, na hapo timu nzima ilijua mkono wa mwenzao unakaribia mwisho. Wachezaji wote, wazungu, weusi, mapacha wawili wa Kisomali, mvulana mmoja ambaye wazazi wake walitoka Vietnam, walikuwa wakiita kutoka benchi: "Mawe! Mawe!" Hilo lilikuwa neno letu. Timu pinzani zilidhani ni mbinu ya siri.

Lakini jambo kubwa lilikuwa ni nani anahesabu. Baba alimpa mfuko mtoto aliyekaa mwisho wa benchi. Yule ambaye mchezo huo hakuanza, ambaye mama yake yuko jukwaani anajifanya hajali. Alimwita mwenye kete. Kazi yake ilikuwa kutazama kila mrusho bila kupepesa, na mrushaji hakuruhusiwa kuondoka kwenye kichuguu au kubaki mpaka Baba amgeukie mwenye kete na kumwuliza: "Tuko wapi?" Mtoto mdogo kuliko wote akajibu, na kocha akafuata jibu lake. Sijaona mpaka leo njia nyingine ya kumfanya mtoto wa benchi awe mtu muhimu kuliko wote uwanjani. Watoto wale walijifunza mchezo kuliko sisi tuliokuwa tukikimbia, maana walikuwa wameona kila mpira. Wawili kati yao baadaye wakawa warushaji wetu.

Mchana tulikwenda mtaa wa Oakland, kwenye kipande cha ukuta kilichobaki cha Forbes Field. Pirates walicheza hapo kuanzia 1909 hadi 1970. Ukuta ni wa matofali mekundu, mimea imeutambaa, na wanafunzi wa chuo kikuu wanaupita na mabegi yao. Hapa tarehe 13 Oktoba 1960 Bill Mazeroski aliupiga mpira ukapita juu ya ukuta na kuwapa Pirates ubingwa, mikimbio 10 kwa 9 dhidi ya Yankees. Clemente alikuwa kwenye timu hiyo. Kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika hapa kusikiliza matangazo ya redio ya mchezo ule, mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu aliegemea ukuta muda mrefu bila kusema kitu. Yeye ndiye alikuwa mwenye kete wa kudumu kuliko wote. Misimu miwili mizima kabla mkono wake haujafunguka.

Usiku nilimtumia Baba ujumbe wa sauti, nikamwuliza kama alijua. Kama mawe yale aliyahesabu 21 kwa sababu ya Clemente. Kule Tanga kulikuwa kumekucha. Nilisikia jogoo na mtu akifagia. "Marahaba, mwanangu," alianza, maana mie huanza na shikamoo hata kwenye simu. "Mbona ni hesabu tu. 85 ukitoa 64 inabaki 21. Ila siku ile nilipoitoa ile hesabu kwenye karatasi, nikaona jibu, nilikaa kwanza."

Siku ya tatu: Pittsburgh hadi Williamsport

Barabara ya leo ni misitu mitupu. Pennsylvania ya katikati ina milima mirefu iliyolala kama ng'ombe, na kati yake mabonde yenye ukungu. Mwanangu amelala. Mdogo wangu ameendesha, na mimi nimekuwa nikikumbuka Agosti 2012.

Mwaka uliotangulia, 2011, timu ya watoto kutoka Uganda ilishinda nafasi ya kucheza fainali za dunia za Little League, ikashindwa kusafiri kwa sababu ya viza. Baba alifuatilia habari ile kama vile watoto ni wa kwetu. Ilipofika Januari 2012, watoto wa Langley, Kanada, ambao wangekutana nao, walifunga safari wakaenda Uganda kuchezea kule kule mchezo uliokosekana. Baba alipoisoma alimwita Mama jikoni amsomee kwa sauti. Na kiangazi kile kile timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, ikashinda tena, na mara hii ikaja. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kufika hapa.

Baba aliomba siku mbili kazini. Tukaondoka usiku, wanne garini, na sufuria ya pilau imefungwa kwa taulo.

Leo tumefika saa tisa alasiri. Uwanja wa Howard J. Lamade uko South Williamsport, ng'ambo ya mto Susquehanna, na nyuma yake kuna kilima cha majani. Wakati wa fainali kuingia ni bure, na maelfu ya watu hukaa pale kilimani, watoto wakiteleza chini kwa maboksi. Leo ni Julai, fainali bado, hakuna mtu. Nilipanda mpaka pale nilipodhani tulikaa. Mama alikuwa ametandika kanga mbili, tukala pilau kwa mkono huku jirani zetu kutoka Texas wakitutazama, halafu wakakaribishwa, halafu wakala.

Watoto wa Uganda walipoingia uwanjani, Baba alisimama akavua kofia. Hakupiga kelele. Mimi nilikuwa na miaka 16 na nilitaka apige kelele kama wengine, lakini alisimama tu na kofia kifuani, na nilipomwangalia macho yake yalikuwa yamejaa. Mbele yetu kulikuwa na bwana mmoja wa Kampala anayeishi New Jersey. Wakasalimiana kwa Kiswahili, kile cha Baba cha pwani na kile cha yule bwana cha jeshini, wakaelewana kabisa, na kuanzia hapo walikaa bega kwa bega.

Uganda walifungwa na Panama 9 kwa 3. Kila mrusho wa mtoto wa Uganda Baba aliutolea kete; alikuwa amekuja na mfuko. Mchezo ulipoisha nilidhani angehuzunika. Alikuwa akicheka. "Umewaona wakidaka?" alikuwa akiuliza kila aliyempita. "Umewaona?" Siku chache baadaye, sisi tumesharudi Columbus, wakawafunga Oregon 3 kwa 2, na Baba alipiga ule ukelele niliokuwa nikiungoja kilimani, akiwa jikoni, akiwa amevaa sare ya ghalani. Na 2015 watoto wengine wa Uganda walirudi, wakaifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1, nchi inayozaa wachezaji kama minazi inavyozaa nazi.

Mwanangu leo ameteleza kwenye kilima kile kwa boksi la pizza, mara nane. Mjomba wake mara tatu.

Siku ya nne: Williamsport

Asubuhi tulivuka mto kwenda kwenye uwanja wa mwanzo, ule mdogo wa West Fourth Street, jirani na Bowman Field. Fainali za kwanza zilichezwa hapa mwaka 1947, na ziliendelea hapa mpaka 1958. Ni uwanja wa kawaida sana. Nimeupenda kuliko ule mkubwa.

Mtu aliyeanzisha haya yote aliitwa Carl Stotz. Alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa mji huu, hana mtoto wa kiume, ana wapwa wawili waliokuwa wakimsumbua wacheze. Inasimuliwa kwamba siku moja mwaka 1938, akirushiana nao mpira uani, alikanyaga kichaka kilichokatwa kikamkwaruza mguu, akakaa chini, na akiwa amekaa hapo akaanza kuwaza: itakuwaje watoto wakiwa na uwanja wa ukubwa wao, timu zao, sare zao? Aliwapanga watoto kwenye nyasi, akawa anasogeza vituo karibu na mbali mpaka mpira na mkimbiaji wakawa wanafika karibu pamoja. Futi 60 kati ya kituo na kituo ndizo zilizopatikana, na ndizo zinazotumika mpaka leo. Kisha akazunguka kwenye biashara za mji kuomba fedha, akakataliwa mara nyingi, na tarehe 6 Juni 1939 timu mbili za kwanza zikacheza, mikimbio 23 kwa 8.

Hadithi hii Baba aliipenda hasa kwa sababu ya kile kipande cha kuwasogeza watoto kwenye nyasi. Alisema mtu yule hakuwauliza watoto wafae kwa uwanja. Aliukata uwanja uwafae wao.

Yeye naye alikuwa hivyo. Tulikuwa na kijana mmoja aliyeogopa mpira vibaya, akiuona unakuja anafumba macho na kugeuza uso. Kocha mwingine angempeleka kulia na kumsahau. Baba alisimamisha mazoezi, akatufundisha rede. Wasichana wa Tanzania wanaijua: wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa, na huku anakwepa anajaza mchanga kwenye chupa. Tulicheza kwa mpira wa soksi, kama kule nyumbani. Baada ya wiki tatu kijana yule alikuwa anauangalia mpira mpaka mwisho, maana kwenye rede ukifumba macho umekwisha. Mama yake alileta keki. Baba, aliyekuwa akituletea kashata kila Jumamosi na aliyekwishabadili za karanga kuwa za nazi baada ya mzazi kumweleza kuhusu mtoto mwenye mzio, aliikata keki vipande sawasawa kwa kamba ya kiatu kipya, kwa sababu hakukuwa na kisu.

Wasichana waliruhusiwa rasmi kwenye ligi hii mwaka 1974, baada ya Maria Pepe wa Hoboken kuondolewa kwenye timu yake 1972 na kesi kufika mahakamani. Kwenye jumba la makumbusho la hapa nilimweleza mwanangu, naye akashangaa kwamba kuna wakati ilikuwa hivyo. Nilimweleza pia habari za Mo'ne Davis. Agosti 2014, akiwa na miaka 13, msichana yule wa Philadelphia alisimama kwenye kichuguu cha Lamade, akarusha mchezo mzima, na wapinzani wakatoka bila mkimbio hata mmoja, 4 kwa 0. Mimi na Baba tuliutazama kwenye televisheni. Nilikuwa na miaka 18 na nilishaacha kucheza. Baba alileta mfuko, akaniwekea mkononi bila neno, na mimi ndiye niliyehesabu. Tulikuwa tumeingia mawe machache tu mchezo ulipoisha. Alinigeukia akaniuliza, "Tuko wapi?" Nilishindwa kujibu.

Jioni jambo moja limetokea. Mwanangu aliokota kijiwe nje ya uwanja ule mdogo, cheupe, cha duara, akataka kukitia mfukoni. Nikamwambia haiwezekani, hesabu itakuwa 86. Akasema basi tubadilishe. Sikutaka. Mawe yale Baba aliyaokota kwa mkono wake. Tulibishana mpaka mdogo wangu akasema aulizwe mwenyewe. Kule ilikuwa usiku, lakini Baba alikuwa macho. Alisikiliza kesi yote, halafu akasema, "Abadilishe. Ila hilo la kwetu atakalolitoa aliache hapo hapo alipookota."

Kwa hiyo jiwe moja la Columbus limebaki Williamsport, chini ya uzio.

Siku ya tano: Cooperstown

Tumepitia Binghamton, mvua ikinyesha. Cooperstown ni mji mdogo uliokaa mguuni mwa ziwa, barabara kuu moja, na kila duka linauza kofia na kadi. Jumba la Umaarufu la Besiboli lilifunguliwa hapa 1939, mwaka ule ule Stotz alipoanza na watoto wake, mwezi ule ule wa Juni.

Ukiingia tu unakutana na sanamu tatu: Lou Gehrig, Jackie Robinson na Roberto Clemente. Mwanangu alikwenda moja kwa moja kwa Clemente, kama kwa mtu wa familia.

Ukumbi wa vibao vya shaba ni mrefu, dari liko juu, na watu wanasema kwa kunong'ona. Kwa kawaida mchezaji husubiri miaka mitano baada ya kustaafu. Clemente hakusubiri. Alikufa tarehe 31 Desemba 1972, ndege iliyokuwa imebeba misaada ya walioathirika na tetemeko la Nikaragua ilipoanguka baharini karibu na Puerto Rico. Alikuwa amemaliza msimu akiwa amefikisha mapigo 3,000 kamili kwa miaka yake yote ya kucheza. Mwaka 1973 akaingizwa hapa.

Nilikuwa najua jambo moja kuhusu kibao chake, nililitafuta kwa makusudi. Cha kwanza kiliandika jina lake vibaya: Roberto Walker Clemente, kwa mtindo wa Kiingereza. Walker ni ukoo wa mama yake, na kwa desturi ya kwao unakaa mwisho. Ilichukua mpaka mwaka 2000 kukitengeneza kipya: Roberto Clemente Walker. Nimesimama hapo nikakisoma kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi.

Jina la Baba pale Columbus lilitamkwa kwa namna nyingi, na kwenye karatasi za ligi liliandikwa kila mwaka tofauti. Hakuwahi kulalamika kwa ajili yake mwenyewe. Lakini kila mwanzo wa msimu, siku ya kwanza, aliwakalisha watoto duara na kumwomba kila mmoja aseme jina lake kama mama yake anavyolisema nyumbani. Halafu yeye alirudia. Kama amekosea, mtoto alimsahihisha, naye alirudia tena, mbele ya wote, mpaka mtoto aseme sawa. Mvulana wa Vietnam ilichukua dakika nzima. Mapacha wa Kisomali walikuwa wakicheka. Nilikuwa nikiona aibu, nikitamani aanze mazoezi.

Effa Manley naye yuko ukutani, mmiliki wa timu ya Newark Eagles, mwanamke pekee humu, aliyeingizwa 2006. Nilimpigia picha kwa ajili ya Mama.

Tulimaliza kando ya ziwa. Mvua ilikuwa imekatika.

Siku ya sita: nyumbani

Safari ya kutwa. Tumebadilishana usukani, tumekula mihogo ya kukaanga iliyobaki na mikate ya kituo cha mafuta. Hakuna la kusimulia.

Tumefika magharibi. Kabla ya kuteremsha mizigo nilimpigia Baba, akapokea Mama, akaniuliza kama mtoto amekula, kisha akampa. Baba akaniuliza nina watoto wangapi kwenye orodha. Kumi na watatu. Akaniambia nimsomee majina. Nikamsomea, akawa anayarudia moja moja, taratibu, kutoka Tanga, majina ya watoto ambao hatawaona. Mawili alinifanya nirudie.

Mwanangu alidai simu. "Shikamoo Babu. Mimi nitakuwa mwenye kete, eti?"

"Marahaba. Mwenye kete anakaa wapi?"

"Benchi."

"Basi siku utakayokaa benchi, utakuwa mwenye kete. Na mama yako akikuchezesha kila siku, uniambie."

Sasa hivi ninavyoandika yuko kwenye zulia, ameumwaga mfuko wote. Kwa umri wake kikomo ni mirusho 50, nimemweleza, kwa hiyo anatenga kete 50 kwenye kopo, anahesabu kwa Kiswahili, na kwenye arobaini na kitu amejichanganya akaanza upya. Kumi na nne zimebaki pembeni, pamoja na mawe. Mawe ameyapanga mstari, lile jeupe la Williamsport ameliweka mwisho kabisa.